Yellow Springs: kijiji kilichobaki chuo kilipofungwa

Katika jimbo la Ohio nchini Marekani, takribani kilomita 30 mashariki mwa jiji la Dayton, kuna kijiji kinachoitwa Yellow Springs. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi 3,697, na kwa kuwa sheria za jimbo hilo hukiita kijiji kila mji wenye mamlaka yake ambao watu wake hawajafikia 5,000, Yellow Springs kinaendelea kuitwa kijiji ingawa kina baraza lake la kuchaguliwa, shirika lake lenyewe la kusambaza umeme, gazeti la kila wiki lililoanzishwa mwaka 1880, na chuo ambacho mtu hawezi kuandika historia ya elimu ya juu ya Marekani bila kukitaja. Sijawahi kufika huko. Nimekifuatilia kwa kusoma tangu nilipokuwa mwanafunzi wa mipango ya makazi, na nimeendelea kukisoma kwa sababu naishi Ng'ong'ona, ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Dodoma, mahali ambapo maisha ya kila mtu, kuanzia mwenye nyumba za kupangisha hadi mkaanga chipsi, yanakwenda kwa kalenda ya chuo.

Ninachotaka kujua ni hiki: chuo kikisimama, watu waliojenga maisha yao pembeni yake wanabaki na nini? Hapa kwetu swali hilo bado ni la kukisia. Kule Yellow Springs lilijibiwa kwa vitendo mwaka 2008, chuo kilipofunga milango, na jibu lake lina historia ndefu inayostahili kusimuliwa.

Kijiji kimepata jina lake kutokana na chemchemi ambayo maji yake yana madini mengi ya chuma, kiasi kwamba mwamba yanapopita umegeuka rangi ya kutu. Watu walianza kuyafuata maji hayo kwa kuamini kwamba yanatibu, kisha reli ikafika katikati ya karne ya 19, na mwaka 1853 Chuo cha Antioch kikafungua madarasa yake. Rais wake wa kwanza alikuwa Horace Mann, mtu aliyekuwa tayari anajulikana nchini mwake kwa kupigania shule za umma. Chini yake wanawake walisoma masomo yale yale waliyosoma wanaume, na Rebecca Pennell aliajiriwa kuwa profesa kwa cheo na mshahara sawa na wenzake wanaume, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa karibu halijaonekana popote. Mann alifariki mwaka 1859, wiki chache baada ya kuwaambia wahitimu kwamba waone aibu kufa kabla hawajaupatia ubinadamu ushindi wowote. Kauli hiyo imebaki kuwa wosia wa chuo. Fedha, hata hivyo, hazikuwahi kutosha, na katika karne ile ile ya 19 chuo kilisimama zaidi ya mara moja.

Miaka michache baadaye kijiji kilipokea watu wa namna nyingine. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, mhubiri Moncure Conway aliwaongoza takribani watu 30 waliokuwa watumwa wa baba yake huko Virginia, akawasafirisha hadi Yellow Springs, nao wakaanza maisha ya uhuru hapo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 alihamia pia mtu ambaye ndiye ninayempenda kuliko wote katika historia hii, naye ni Wheeling Gaunt. Alizaliwa utumwani Kentucky, akafanya kazi za vibarua na kuweka akiba hadi akajinunua mwenyewe kwa dola 900, kisha akanunua uhuru wa mkewe. Alipofika Yellow Springs alinunua ardhi na nyumba, akawa miongoni mwa watu wenye mali kijijini.

Kabla ya kufariki mwaka 1894, Gaunt alikipa kijiji ekari tisa za ardhi. Hakuzitoa bila sharti: pango litakalopatikana kutokana na ardhi hiyo linunue unga kila mwaka kwa ajili ya wajane maskini wa kijiji. Kijiji kilikubali, na mpaka leo, kila Desemba, wafanyakazi wa kijiji hupakia magari, wakapita nyumba kwa nyumba na kumkabidhi kila mjane mfuko wa unga. Baadaye sukari iliongezwa. Ardhi yenyewe sasa ni bustani ya umma yenye jina lake, watoto wanaogelea na kucheza mpira humo. Tafakari hilo kwa makini: mtu aliyewahi kuuzwa kama mali aliandika sharti juu ya ekari tisa, na sharti hilo limewapita viongozi wote wa kijiji kwa zaidi ya miaka 120, hakuna aliyethubutu kulifuta. Mimi niliyesomea mipango nimeona ahadi nyingi zilizoandikwa kwa lugha nzuri zikasahaulika kabla wino haujakauka, ndiyo maana habari ya unga ule hunigusa.

Nisisitize hapa kwamba kijiji hicho hakikuwa peponi. Coretta Scott, ambaye baadaye aliolewa na Martin Luther King, alisoma Antioch kuanzia mwaka 1945 na kuhitimu mwaka 1951. Alipotakiwa kufanya mafunzo ya ualimu katika shule za umma za kijiji alikataliwa, kwa sababu shule hizo hazikuwa na mwalimu mweusi hata mmoja, na chuo chenyewe, pamoja na sifa zake zote, hakikusimama naye kama alivyotarajia. Mwaka 1964 wanafunzi waliandamana mbele ya kinyozi mmoja aliyekuwa akikataa kunyoa nywele za watu weusi, polisi wakatumia maji na mabomu ya machozi, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa katika kijiji ambacho karne moja kabla kiliwapokea waliotoka utumwani. Mwaka uliofuata Dakta King mwenyewe alikuja kuhutubia mahafali ya Antioch. Msomaji wa huku kwetu atapenda pia kujua kwamba umbali mfupi tu kutoka hapo kipo Chuo Kikuu cha Wilberforce, chuo cha Wamarekani weusi, ambako Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alipata shahada yake mwaka 1901, na ambako Hastings Kamuzu Banda alimalizia masomo ya sekondari mwaka 1928 kabla ya kuendelea na udaktari na, miaka mingi baadaye, kuwa rais wa Malawi.

Sasa nifike kwa mtu aliyekibadilisha kijiji kiuchumi. Arthur Morgan alikuwa mhandisi wa mabwawa. Mafuriko makubwa yalipoiangamiza Dayton mwaka 1913, yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa mabwawa ya kuikinga isirudiwe tena, na mwaka 1920 alikuwa rais wa Antioch ingawa yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Chuo kilikuwa hoi. Morgan alianzisha utaratibu ambao ndani ya muda mfupi ulikipa uhai: mwanafunzi asome kwa kipindi fulani, kisha aondoke kwenda kufanya kazi halisi ya mshahara, iwe kiwandani, hospitalini au gazetini, arudi darasani, aondoke tena, hivyo hivyo mpaka ahitimu. Wanafunzi wetu wa Dodoma huenda fildi kwa wiki chache, wengi wao wakizimaliza wakitumwa kutoa kopi na kupanga mafaili. Utaratibu wa Morgan ulikuwa kitu kingine kabisa, kwa sababu kazi ilipewa uzito sawa na masomo, na hakuna aliyehitimu bila kuitimiza.

Lakini jambo la Morgan ninalolithamini zaidi ni kwamba aliamini kijiji kidogo kinastahili kuwa na viwanda vyake. Hakutaka vijana wasome kijijini kisha wote wahamie Chicago na New York. Alihimiza walimu na wahitimu waanzishe shughuli ndogo za uzalishaji pale pale, na zikaanzishwa. Mwaka 1948 ilizaliwa kampuni ya Yellow Springs Instrument, iliyotengeneza vifaa vya kupimia. Leland Clark, mhitimu wa Antioch aliyekuwa akifanya utafiti hapo kijijini, alibuni miaka ya 1950 kifaa cha kupima oksijeni katika damu, na ubunifu wake ndio uliozaa kipimo cha sukari kinachotumia kimeng'enya. Mwaka 1975 kampuni hiyo ya kijijini ikaingiza sokoni mashine ya kwanza ya biashara ya aina hiyo. Leo mgonjwa wa kisukari anapochomwa kidole katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo ndani ya eneo la chuo chetu, tone lake la damu linasomwa kwa kanuni ambayo sehemu kubwa ya safari yake ilipitia katika kijiji cha watu wasiofika elfu nne.

Upo na msitu. Mwaka 1929 wakili tajiri aliyewahi kusoma Antioch, Hugh Taylor Birch, alikikabidhi chuo bonde lenye miti na ile chemchemi yenyewe, liwe kumbukumbu ya binti yake Helen. Msitu wa Glen Helen una takribani ekari 1,000 na unaanzia karibu na mlango wa chuo. Vizazi vya watoto wa shule vimepelekwa humo kujifunza ndege, mawe na maji. Na ile reli ya zamani, ilipokufa, haikuachwa iote magugu: imegeuzwa njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 100 inayopita katikati ya kijiji na kuleta wageni kila wikiendi.

Anguko la chuo lilikuja polepole. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Antioch kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko wakati wowote, kikafungua matawi katika miji mingi, kikajitanua kuliko mfuko wake. Mwaka 1973 mgomo mrefu kuhusu misaada ya ada ukakitikisa, wanafunzi wakapungua mwaka hadi mwaka, majengo yakaanza kuchakaa, na matawi yaliyozaliwa nacho yakawa na nguvu kuliko mzazi. Juni 2007 bodi ya Chuo Kikuu cha Antioch, kilichojumuisha matawi hayo pamoja na chuo cha kijijini, ikatangaza kwamba chuo cha kijijini kitafungwa, na mwaka uliofuata kikafungwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike haya. Baadhi ya walimu walikataa kutawanyika. Waliendelea kufundisha bila chuo: katika sebule za watu, katika kumbi za makanisa, katika mikahawa ya barabara kuu. Wenyeji waliwafungulia milango. Wahitimu wa zamani walichangishana, wakalinunua jina na majengo kutoka kwa chuo kikuu, na mwaka 2011 Antioch kikafunguliwa upya kwa wanafunzi 35 tu. Katika miaka ile mitatu ya katikati kijiji kiliumia, kwa maana ajira zilipotea na nyumba za walimu zikauzwa, lakini hakikufa. Kilikuwa na umeme wake, gazeti lake, viwanda vidogo, wageni wa msituni, bustani ya Gaunt. Chuo kilikuwa kimewapa wenyeji vitu ambavyo havikuondoka pamoja nacho. Na ulipofika mwaka 2020, chuo kikiwa bado dhaifu kifedha, msitu wa Glen Helen ulihamishiwa kwa chama cha wananchi wanaoutunza, ukatoka kabisa katika hatari ya kuzama na chuo.

Mwaka huo huo wa 2020 nasi tulionja. Katikati ya Machi serikali ilifunga vyuo kwa ajili ya korona, na vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Ilikuwa miezi miwili na nusu tu. Walioijua Ng'ong'ona ya msimu wa bumu, pale mikopo inapoingia kwenye akaunti na barabara nzima inanuka mafuta ya chipsi na mishikaki, bodaboda wanagombania abiria na mawakala wa miamala wanaishiwa fedha taslimu kabla ya saa sita, hawakuamini ukimya uliofuata. Fremu zilifungwa moja baada ya nyingine. Jirani yangu, mama wa Kigogo aliyejenga vyumba vya wanafunzi kwa fedha aliyoipata baada ya kuuza sehemu ya shamba la uwele la marehemu mumewe, aliniita uani siku moja. Baada ya kusalimiana alinionyesha safu ya milango yenye kufuli.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hawa watoto watarudi?"

"Watarudi, mama. Serikali imesema ni kwa muda."

"Na wasiporudi? Shamba nimeshauza. Nitalima hivi vyumba?"

Sikuwa na la kumjibu, na nikiri kwamba swali lake limenisumbua kuliko mitihani yote niliyowahi kufanya. Chuo chetu kilianzishwa mwaka 2007 juu ya vilima vya Chimwaga, na kimeleta barabara, umeme, maji, hospitali kubwa na maelfu ya vijana wenye kula, kulala na kutoa kopi. Ninakipenda na ninajivunia kukaa karibu nacho. Lakini ukihesabu kile ambacho Ng'ong'ona inamiliki kutokana na chuo, kitu ambacho hakitafungwa siku chuo kitakapofungwa, utakuta vyumba vya kupanga na fremu, basi. Hakuna karakana iliyoanzishwa na wahitimu. Hakuna kiwanda kidogo kinachotengeneza chochote kilichobuniwa katika maabara zile. Mhitimu akishavua joho anapanda basi kwenda Dar es Salaam au Mwanza, na mwaka unaofuata tunapokea wapangaji wapya.

Hombolo, upande wa kaskazini mashariki, nadhani ina nafasi nzuri zaidi. Kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kuna bwawa lililochimbwa miaka ya 1950, kuna wavuvi wa perege na wakulima wa zabibu ambao wamekuwepo kabla ya chuo na hawategemei kalenda yake. Wanafunzi wa pale wanasomea namna ya kuendesha vijiji na mitaa, na nje ya lango lao kuna bwawa linalojaa tope na maji yanayozidi kuwa na chumvi, tatizo ambalo Morgan angewakabidhi kuwa darasa. Ningependa kuona kundi la wanafunzi wakipewa mwaka mzima kushughulika na bonde linaloleta tope hilo pamoja na wenyeji, kwa malipo, badala ya kusubiri wiki za fildi katika ofisi za mbali.

Jambo la ardhi ndilo la haraka kuliko yote, na hapo Yellow Springs inatufundisha kwa ubaya pia. Kijiji hicho kimependwa mno. Nyumba zimepanda bei, wastaafu wenye fedha na watu wa mjini wameingia, na idadi ya wakazi weusi imeshuka sana tangu miaka ya 1970. Sisi tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016 tunaliona hilo hilo likitokea kwa kasi kubwa zaidi. Mashamba ya Wagogo yamepimwa viwanja, wenyewe wamelipwa, wamejenga au wamesogea mbali. Kijiji chenye halmashauri yake kina mamlaka juu ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kikishaingizwa katika jiji na kuwa mtaa, mamlaka hayo yanaondoka, na mwenyekiti anabaki kugonga mihuri ya mauziano.

Hata hivyo njia aliyoitumia Gaunt haijafungwa kwetu. Wakazi wa mtaa wanaweza kuunda bodi ya wadhamini, kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na kumilikisha kiwanja kwa jina la bodi hiyo, kwa masharti yaliyoandikwa kuhusu pango litumike kwa nani na kwa kazi gani. Ng'ong'ona bado kuna viwanja vichache visivyojengwa karibu na barabara ya chuo, ambavyo vikijengwa karakana au fremu za pamoja vingekuwa na wapangaji mwaka mzima, wanafunzi wawepo au wasiwepo. Nimeliandika pendekezo hilo kwa kurasa mbili na nimemkabidhi mwenyekiti wa mtaa. Ameahidi kuliweka katika ajenda za mkutano ujao wa wakazi, na yule jirani yangu amesema atakuwepo.